Mwaka Nilioazima Pua

Kuna watu huajiriwa kwa sababu ya vyeti vyao, na kuna wanaoajiriwa kwa sababu mjomba wao ni mwenyekiti. Mimi niliajiriwa kwa sababu ya pua. Kituo cha ushirika wetu wa maziwa kilikuwa kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru, kabla hujafika Salgaa, na kila asubuhi wakulima walipanga mikebe yao kwenye jukwaa la saruji wakanisubiri. Nilipita nikifunua vifuniko kimoja baada ya kingine, nainama, nanusa mara moja, nafunika. Nikisema "ingia," maziwa yanaingia ndani kwa mkaguzi wa pili, aliyekuwa na spiriti na vipimo vingine vya chupa. Nikisema "rudi," yanarudi nyumbani na mwenyewe, bila kufika kwa mkaguzi wa pili.

Kila mkulima alijulikana kwa namba iliyopakwa rangi kwenye mkebe wake. Na sheria ilikuwa moja, wote waliijua kama jina lao: ukirudishwa mara tatu ndani ya mwezi, namba yako inakatwa na uanachama umekwisha. Kwa hiyo pua yangu iliheshimiwa kuliko mimi mwenyewe. Wanaume wasiosalimia hata wake zao walinisalimia mimi. "Sasa mathe, leo pua iko sawa?" Nilikuwa na miaka thelathini na mbili tu, lakini kwa mtu mwenye maziwa ya jana ndani ya mkebe, kila mwanamke ni mathe.

Nakubali mapema kwamba nilikuwa na majivuno. Nilijua nani ng'ombe wake ameshinda akila kabichi, nani ameweka mkebe karibu na stovu ya mafuta ya taa, na nani amechanganya ya jioni na ya asubuhi akiomba niwe na usingizi. Nilisema kwa sauti, mbele ya foleni, ili wote wajue kwamba najua. Sasa nikikumbuka naona aibu, lakini wakati ule niliona ni utumishi bora.

Katikati ya mwaka wa 2007, siku zile wanasiasa walipoanza kuwapenda wakulima tena, meneja alituita ofisini. Huyu meneja alivaa tai hata siku za kunyunyizia ng'ombe dawa. Kando yake alikaa kijana mpole wa chuo kikuu, mtafiti, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata, na mezani palikuwa na boksi la kijivu ukubwa wa redio ya kaseti, limeunganishwa na kompyuta.

"Hii ni pua ya elektroniki," meneja akasema. "Pua ya mtu inachoka. Inapata homa. Ina marafiki."

Aliposema marafiki aliniangalia mimi. Nikamwangalia tai.

Mtafiti alieleza vizuri, lazima nimpe haki yake. Ndani ya boksi kulikuwa na vihisi vinane, yaani vidude vidogo vya kuhisi harufu, na kila kimoja kinashtuka kwa namna yake kikipitishiwa hewa. Kimoja kinashtuka sana kwa kitu kichachu, kingine kwa pombe, kingine kwa moshi. Feni ndogo inavuta hewa ya mkebe kwa mrija wa mpira, vile vidude vinashtuka kila kimoja kwa kadiri yake, na kompyuta inachora mchoro. Lakini boksi lenyewe halijui zuri wala baya. Ni lazima lifundishwe: hii ni harufu ya maziwa mazuri, hii ya mabaya, tena na tena, mpaka lishike. Baada ya hapo likikutana na mkebe mpya linalinganisha na yale liliyofundishwa, halafu taa inawaka, kijani au nyekundu.

"Kwa hiyo ni kama mtoto wa nasari," nikasema.

"Kabisa," mtafiti akasema, amefurahi. "Linajua kile tu tutakacholionyesha."

Meneja akatangaza kwamba likishaiva, litakaa jukwaani, na mimi nitapelekwa kuosha mikebe. Alisema kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi. Mafunzo yakapangwa yafanyike wiki moja mwezi wa Agosti, na nikapewa kazi ya kuwajulisha wakulima.

Hapa ndipo ujinga wetu ulipoingia, nao nausema kama ulivyokuwa. Sisi mgeni akija tunasafisha. Hata akija kuangalia uchafu, tunausafisha kwanza ndipo aje auangalie. Nilisimama jukwaani nikatangaza: wiki ijayo tuna mgeni wa chuo kikuu, tafadhali msituaibishe, kila mkebe ung'ae. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili. Jumatatu ilipofika, mikebe ilikuwa imesuguliwa kwa sabuni za kuogea, zile za kunukia waridi na limau, na jukwaa zima lilinukia kama bibi harusi. Mtafiti akatia mpira kwenye mkebe wa kwanza, akaandika: nzuri. Akatia kwenye wa pili, akaandika: nzuri. Siku tano boksi lilivuta sabuni ya waridi likiambiwa ni maziwa mazuri, na mimi nimesimama pale na pua yangu maarufu, nasikia waridi, nimenyamaza. Mbona niseme? Hilo boksi lilikuwa limekuja kuninyang'anya kazi yangu.

Tatizo likawa maziwa mabaya. Mtafiti alihitaji mabaya mengi kama mazuri, na nani atakubali kuleta mabaya wiki ya mgeni? Siku ya tano alikuwa karibu kulia. "Mathe, hata kidogo tu," akaniambia.

Asubuhi hiyo kulikuwa na mama mmoja, mkulima wa kutoka juu kilimani, ambaye alikuwa amembebea mgeni zawadi. Alileta vibuyu viwili vya mursik. Kwa asiyeijua, mursik ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, yana ladha ya uchachu na ya moshi, na kwa watu wake hupewa mtu wa kuheshimiwa. Huyu mama hata mkebe wake wa ushirika aliufukiza moshi hivyo hivyo kila alfajiri kabla ya kukamua, na maziwa yake yalikaa bila kuharibika kuliko ya mtu yeyote. Mimi niliyajua bila kufungua macho. Alinipa vile vibuyu akasema, "Mpe huyo mtoto wa wenyewe akunywe, ametoka mbali," akashika njia ya nyumbani.

Nikampa mtafiti, ndiyo. Nikamwambia: haya hapa maziwa mabaya, yamechacha, yananuka moshi, andika. Akayagawa kwenye chupa nyingi ndogo, akalipitishia boksi kila moja, akaandika: mbaya, mbaya, mbaya. Alinishukuru sana. Niliona nimefanya mzaha mzuri wa mwaka, na nikarudi nyumbani Kiamunyi nikicheka peke yangu barabarani.

Mtafiti akaenda na boksi lake kupiga hesabu. Akatuma habari kwamba limefaulu kupita matarajio, na kwamba majaribio rasmi yataanza mwaka mpya. Nami nikangoja huo mwaka mpya kwa hamu, maana nilitaka kuona linavyoaibika.

Krismasi ilinikuta kitandani na homa iliyoziba kila kitu. Kisha likaja lile la uchaguzi, makabila yakageukiana, na kwa mtu wa Nakuru halina haja ya kuelezwa zaidi. Tulijifungia ndani. Siku moja mchana, mwezi wa Januari, majirani wote wa ploti walitoka nje wameziba pua kwa leso na mikono. Jirani wa mlango wa pili akaniuliza, "Huu moshi unatoka wapi tena?" Nikatazama juu nikaona anga limekuwa kijivu. Nilikuwa nimesimama katikati ya moshi uliokuwa ukiwatoa watu machozi, na sikusikia harufu yoyote.

Niliingia ndani nikakata kitunguu nikakileta puani. Hakuna. Sabuni, hakuna. Nikafungua chupa ya mafuta ya taa nikavuta mpaka kichwa kikauma, na bado ilikuwa kama navuta maji ya bomba. Niliogopa vibaya sana. Watu walikuwa wanapoteza nyumba na jamaa zao, na mimi nimekaa sakafuni nalilia pua, na hilo pia lilinitia aibu, lakini nililia.

Ushirika ulifunguliwa tena mwezi wa Machi. Mikebe ilikuwa michache. Namba nyingine hazikurudi, na hakuna aliyeuliza ziko wapi kwa sauti ya kusikika. Wale waliorudi walisimama wametengana, hawa huku, wale kule, kila upande ukisalimiana wenyewe kwa wenyewe. Nami nikapita nikifunua vifuniko, nainama, nanusa, sisikii chochote, nasema "ingia." Wiki mbili nilifanya kazi kwa kusoma nyuso. Mtu akiniangalia machoni, ingia. Akiangalia viatu, rudi. Nasikia hata mahakama huendeshwa hivyo.

Mtafiti aliporudi na boksi lake, hakuna mtu katika bonde lote la Ufa aliyelipokea kwa furaha kama mimi. Nilimwambia meneja sayansi ni sayansi. Nilimwambia pua ya mtu ina marafiki. Meneja akasema kwa kuwa nimebadilika, sitapelekwa kuosha mikebe. Nitakuwa mwendeshaji wa mashine. Nikapewa koti jeupe. Kazi yangu ikawa kutia mpira kwenye mkebe, kungoja, kisha kutangaza rangi ya taa. Zamani mkebe ulichukua muda wa kupiga chafya. Sasa ulichukua dakika nne, na foleni ikapigwa na jua mpaka maziwa ya nyuma yakaanza kuchacha yakingoja kupimwa kama yamechacha.

Na boksi lilikumbuka masomo yake yote. Kulikuwa na mzee mmoja mvivu aliyeosha mkebe kwa sabuni ya waridi tangu ile wiki ya mgeni, kwa kuwa mkewe aliipenda. Taa ilimwakia kijani kila siku. Mara mbili mkaguzi wa pili aliyakuta maziwa yake yameganda kwenye spiriti, dalili ya kuharibika, na meneja akasema spiriti imezeeka.

Yule mama wa kilimani alikuja siku ya tatu ya majaribio. Alikuwa amekonda. Nilitia mpira kwenye mkebe wake, feni ikavuta, na taa ikawaka nyekundu. Nilijua papo hapo ni kwa nini. Boksi lilisikia moshi wake, likakumbuka vibuyu viwili, likasema nililolifundisha mimi.

"Rudi," nikasema.

Alidhani hajasikia. Hajawahi kurudishwa hata siku moja tangu ushirika uanze. "Angalia tena," akasema kwa upole. Nikaangalia tena, nyekundu. Kompyuta ilikuwa inaandika yenyewe, singeweza kuificha hata kama ningetaka, na sisemi nilitaka. Akabeba mkebe wake akaenda. Nilijiambia ni mara moja tu, mara moja haikati namba. Hakuonekana kwa siku kadhaa, na wiki iliyofuata alipokuja taa ikawaka nyekundu tena. Nilimvuta kando nikamwambia aache kufukiza mkebe, aoshe tu kwa sabuni. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia avue nguo. "Nianze leo kuosha maziwa na sabuni ya mwili?" akasema. "Mama yangu alifukiza, na yake alifukiza. Nani amekufa?"

Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa. Foleni ilikuwa ndefu, na kila mtu alijua namba ya yule mama iko karibu kukatwa. Nilitia mpira. Dakika nne watu wote waliitazama taa, wa huku na wa kule. Taa ikawaka nyekundu.

Yule mama hakuniangalia mimi, aliangalia boksi. Kisha akaung'oa ule mpira kwa mkono wake, akausogeza mkebe mbele yangu. "Mashine mimi sijui," akasema. "Hiyo haijawahi kunusa maziwa yangu miaka yote. Wewe umenusa. Nusa sasa, uniambie ni mbaya."

Niliinama. Niliweka uso wangu wote ndani ya mkebe. Sikusikia kitu, lakini nilikuwa najua, kama ninavyojua jina langu, kwamba maziwa yale yalikuwa mazuri. Meneja alikuwa mlangoni na tai yake. Nikafikiria: nikisema ingia, ataniuliza nimesikia nini ambacho mashine haikusikia, na ataniletea chupa mbili ninuse nichague, na itakuwa mwisho wangu.

"Rudi," nikasema.

Yule mama alifunika mkebe taratibu. "Sawa," akasema. "Kumbe ni mimi unanusa. Si maziwa."

Alisema bila kupandisha sauti, lakini upande mmoja wote wa foleni uliinua mikebe yake ukaondoka naye. Upande mwingine, watu wa kwetu, walibaki. Mmoja wao alinipiga bega akasema, "Umefanya poa." Nilitamani kumtapikia.

Namba ilikatwa siku hiyo hiyo. Nilivumilia siku nne. Siku ya tano nilimwambia meneja kila kitu, sabuni na vibuyu na pua, na hiyo habari ni fupi: mtafiti alifunga boksi lake bila kuniaga, koti jeupe likarudi stoo, mimi nikapelekwa kuosha mikebe, na namba ikarudishwa kwenye orodha. Lakini kabla ya kwenda kwa meneja, jioni ya siku ya nne, nilipanda kilimani.

Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba akisugua ndani ya kibuyu kwa ufito mrefu. Mkaa ulikuwa ukitoa moshi kando yake. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Nilisimama nikamwambia, "Mama, mimi sisikii harufu. Tangu Krismasi. Na ile mashine inakukataa kwa sababu niliipa mursik yako, nikasema ni maziwa mabovu."

Aliendelea kusugua. "Ile ya mgeni?"

"Ndiyo."

"Hakukunywa hata kidogo?"

"Hakukunywa."

Aligonga ule ufito ukingoni mwa kibuyu. Kisha akaninyooshea kibuyu chenye joto, nikakipokea nikavuta, nikatikisa kichwa. Akaniamini. Niliona ameniamini, na nikaanza kupumua, nikamwambia nitakwenda kwa meneja, namba yake itarudi.

"Namba ni rangi tu, mtairudisha," akasema. "Shida si hiyo. Mimi nilikuja hapa ile Ijumaa, nikaambia watoto umenikataa kwa sababu ya kabila."

Watoto wake watatu walikuwa wamesimama mlangoni. Mkubwa alikuwa msichana wa kidato cha kwanza au cha pili, bado ana sare. Nikasema nitawaeleza mwenyewe. Nikawaeleza: homa, boksi, vidude vinane, sabuni, vibuyu. Nilikuwa najisikia nikisema, na hata kwangu ilisikika kama hadithi ya mtu aliyepewa muda wa kuitunga. Wale wadogo walichoka wakaondoka. Yule msichana alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kwa nini hukusema siku hiyo?" akaniuliza. "Watu wakiwa pale?"

Kibuyu kilikuwa bado mikononi mwangu.

"Niliogopea kazi yangu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kwamba amesikia. Akachukua kile kibuyu mikononi mwangu, akaingia nacho ndani.